Amefunga, Hajafungwa

Juzi nilirudisha aproni, na yule kijana wa stoo akaishika kwa vidole viwili kama mtu amepewa panya. Nyinyi mnaobaki na jiko pale Malaba mliniomba niwaandikie vile kazi ilikuwa zamani. Sijui mbona mlichagua mimi. Shule niliacha katikati ya darasa la sita, na ile nusu ingine bado naingojea. Lakini kuongea naweza, na hii ni kuongea tu, ni vile mkono ndio unachoka badala ya mdomo. Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alikuwa anapata pesa ngapi sitaandika. Hayo kila mtu huwa anadanganya vizuri mwenyewe.

Nilianza kupika mwanzo wa miaka ya sitini, wakati Uhuru ilikuwa inanukia lakini haijaiva. Ilikuwa kambi ya kutengeneza reli, hapo katikati ya Amukura na Malaba, mahali siku hizi ukipita utaona mihogo tu. Kontrakta alikuwa amejenga nyumba za mabati, na tanki moja kubwa ya maji juu ya vyuma. Mto ulikuwa chini, na pampu inavuta maji kutoka mtoni mpaka kwa tanki, huko yanatiwa dawa yawe safi. Hiyo tanki muikumbuke, nitairudia.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya ndugu yangu, miguu yangu ikiogelea ndani. Nilikuwa nimesikia kuna kazi ya mesi. Sasa mimi nilidhani mesi ni mashine. Nikampata mzee mmoja mnene amesimama mbele ya moto, nikamwamkia, nikamwambia mimi ni mtu wa mesi.

"Wa mesi?" akauliza.

"Ndiyo mzee. Nimeendesha mesi nyingi sana."

"Hata zile kubwa?"

"Kubwa ndizo nazipenda."

"Zilikuwa za dizeli ama za petroli?"

Nikafikiria kidogo, nikasema dizeli. Yule mzee akacheka mpaka akapangusa macho na mwiko. Halafu akanionyesha sufuria nyeusi yenye mtu angeweza kuoga ndani, akaniambia, "Basi endesha hii." Ndivyo niliandikwa kazi ya mesi, kumbe ni jiko la kulishia watu wa kambi. Jina lake lilikuwa Mzee Barasa, mtu wa upande wa Bungoma, mpishi mkuu, na kila kitu najua juu ya moto nilijua kwake. Kile sijui nacho ni juu yangu.

Alinifundisha kwamba unga haumwagwi kama mtu anatupa taka, unanyunyizwa na mkono mmoja wakati ule mwingine unakoroga. Alinifundisha ugali wa gengi nzima ya wafanyakazi wa reli unaupiga ukiwa umesimama miguu mbali, na ukiusukuma na mwiko ukasonga wote pamoja kama ng'ombe amekataa kuamka, basi umeiva. Alinifundisha kuni mbichi unazijua kwa masikio, zinalia zikitoa povu. Na alinifundisha kuonja. Hapo kwa kuonja ndipo tuligombana. Wiki ya kwanza nilipeleka chai kwa Bwana mkubwa na nilikuwa nimeiweka chumvi badala ya sukari, vijiko vitatu. Mikebe ilifanana. Bwana alitema chai mpaka ikafika kwa mbwa, na mbwa akainuka akaenda. Tangu hiyo siku jina langu la kubatizwa likafa. Nikaitwa Chumvi mpaka hii leo, na nyinyi wengine ndiyo mara ya kwanza mnajua sababu.

Huyo Bwana Mzungu tulikuwa tunamwita Sasahivi. Kiswahili chake chote kilikuwa kinaishia hapo. Lete maji sasa hivi, piga kengele sasa hivi, toka hapa sasa hivi. Hakuwa mtu wa kupiga, alikuwa wa kupiga kelele. Chini yake kulikuwa na Wahindi, makarani na mafundi. Mkubwa wao tulimwita Karani Mkuu, mtu mwembamba, msafi, nywele zimelala na mafuta. Walikuwa na mesi yao na mpishi wao. Chini yao kulikuwa na sisi, na chini yetu tulikuwa tunadhani hakuna mtu.

Kumbe alikuwako. Anaitwa Bhikhu, Mhindi pia, kazi yake kufagia na kubeba ndoo za vyoo. Sisi tulidhani Mhindi ni Mhindi, kama vile wao walidhani sisi wote ni mtu mmoja. Lakini wenzake walikuwa hawali na yeye, hawamgusi, na akipita karibu na mesi yao anapita mbali. Wasomi wanaita tabaka. Sisi tuliita maneno ya Wahindi, tukaendelea kula.

Tena hata kwetu jikoni, nje kwa ukuta, kulikuwa na msumari, na kwa msumari kikombe cha bati. Hicho kilikuwa cha Bhikhu. Akija kuomba chai, unakitoa, unamwekea, akimaliza anakirudisha kwa msumari. Niliuliza Mzee Barasa kwa nini hakioshwi na vingine ndani. Akaniambia, "Nilikuta hivyo." Nami nikaona hiyo ni sababu kamili.

Sasa turudi kwa tanki. Kulikuwa na bomba moja tu hapo nje, karibu na mesi ya Wahindi. Bwana alikuwa ameifunga na mnyororo na kufuli kubwa, ili sisi Waafrika tuteke mtoni, na ufunguo wa pili akampa Karani Mkuu. Halafu siku moja hiyo kufuli ilisahauliwa wazi, na Bhikhu akaonekana ameshika bomba akijaza ndoo. Wahindi walipiga kelele kama ameshika nyoka. Karani Mkuu akanunua kufuli yake mwenyewe, ndogo, akaifunga kwa mnyororo uleule pamoja na ile kubwa. Kwa hiyo kufuli kubwa ilikuwa ya kutuzuia sisi, na kufuli ndogo ya kumzuia Bhikhu, na maji yenyewe yalikuwa hayana habari.

Aliyekuwa anaendesha pampu alikuwa Mhindi mwingine, jina lake Ramji. Mtu mfupi, masharubu makubwa, kila wakati ana kitambaa cha mafuta begani. Alikuwa wa wale wa juu kabisa kwa hiyo tabaka yao, hata juu ya Karani Mkuu, lakini ungemwona ungedhani ni turnboi, yule msaidizi wa dereva wa lori. Alikuwa ananitania sana. Akipita jikoni anauliza, "Chumvi, leo chakula yako imeua nani?"

Siku moja Bhikhu aliugua tumbo kwa sababu ya maji ya mto. Alilala kwa kibanda chake akililia maji safi, na bomba iko pale, anaiona kwa mlango. Ramji akaenda kwa Karani Mkuu kuomba ifunguliwe, akakataliwa. Akaenda kwa Bwana, akaambiwa arudi kwa pampu sasa hivi. Akarudi kwa pampu. Lakini alipofika akakaa chini kwa gunia, akasema hatakula mpaka ile bomba iwe ya kila mtu. Mimi ndiye nilikuwa napita na kuni, ndiyo maana niliambiwa wa kwanza.

"Hutakula mchana ama hutakula jioni?" nikamuuliza.

"Hapana kula kabisa."

"Hata chapati?"

"Chumvi, mimi nafunga."

Bhikhu alipona polepole. Ramji mwenyewe alimpelekea maji safi kutoka mesi yao, na wenzake wakaacha kumsalimia. Lakini hakuacha kufunga. Na kile kilichanganya Bwana Sasahivi ni kwamba pampu iliendelea kazi. Asubuhi Ramji anaiwasha, maji yanapanda, yeye anakaa kwa gunia. Bwana angejua kufukuza mtu amegoma kazi. Huyu kazi anafanya, anagomea tumbo lake mwenyewe. Utamfukuza ukisema nini?

Nikaenda kukaa na yeye kidogo wakati nangoja maharagwe. Nikamuuliza hiyo akili aliitoa wapi. Akaniambia kwao Bara Hindi, akiwa mtoto, alikuwa anaona watu wanafunga hivyo mbele ya serikali ya Wangereza. "Wangereza iko na bunduki, iko na farasi, iko na jela," akasema. "Halafu mtu anakaa chini, hapana kula. Bunduki inaangalia yeye. Haijui ipige wapi." Halafu akasema, "Lakini kutoa Mngereza ni rahisi. Kutoa hii ingine ndani ya nyumba yetu, hiyo ndiyo ngumu." Na akaangalia ile kufuli ndogo.

Bwana akaniita ofisini. Nilidhani ni chai.

"Wewe pika," akasema. "Pika kitu mzuri sana. Peleka kwa Ramji. Yeye nasikia harufu, yeye kula."

"Nipike nini Bwana?"

"Kuku. Choma kuku."

Sasa Ramji tangu azaliwe alikuwa hajawahi kula hata yai. Nilijaribu kusema, nikaambiwa sasa hivi. Nikachoma kuku. Nikamzungusha huyo kuku mbele ya pampu nikienda na kurudi kama mtu anauza. Ramji aliziba pua. Siku iliyofuata nikapeleka dengu, na hiyo niliipika na roho yangu yote. Ramji alikuja akafunua sufuria, akaangalia ndani muda mrefu.

"Chumvi," akasema, "mimi nashukuru wewe sana. Mimi nilikuwa nafikiria kuacha. Sasa nimeona hii, naweza endelea."

Mzee Barasa alipewa hiyo habari akaisimulia mpaka Chakol. Katika maisha yangu yote nimepikia watu wengi, lakini huyo ndiye mtu peke yake chakula yangu ilimsaidia kwa kutokuliwa.

Kitu kimoja tu alikubali. Maji na chumvi kidogo ndani, anasema inashikilia mwili. Kwa hiyo kila asubuhi anaita kutoka kwa pampu, "Chumvi, lete chumvi!" Alikuwa mtu wa kwanza kuniita hilo jina akiwa na maana.

Lakini alianza kuisha. Mashavu yaliingia ndani, masharubu yakabaki peke yake. Siku moja alisimama kuwasha pampu akashikilia ukuta. Mimi na Bhikhu tukamkalisha. Mikono yake ilikuwa myepesi kama mabua. Bwana akaona hayo, akaniita tena, na safari hii hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniogopesha.

"Yeye kufa, polisi nauliza nani napika hapa. Mimi nasema Chumvi. Mtu kufa njaa ndani ya kambi iko na mpishi! Wewe jela."

Nilitoka pale nikivuta vile viatu vya ndugu yangu. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya gunia.

"Mzee Ramji, tafadhali. Kula kitu. Nitafungwa mimi."

"Wewe hapana fungwa."

"Bwana amesema! Atasema ni mimi nilikunyima. Mzee, mimi hata sijaoa."

Akanicheka, kicheko chembamba, hakina nguvu. "Ukifungwa," akasema, "itafaa. Jela itapata mpishi, wezi wote wataacha kuiba."

Nikaona huyu atakufa akinitania.

Mzee Barasa alinituma soko ya Malaba kununua sukuma na nyanya. Nilikuwa nanunua kwa Mama Akisa, mama wa Kiteso mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Wateja wake walikuwa madereva wa malori, wachuuzi kutoka Uganda, watu wa kila aina. Akaniona nimekunja uso.

"Chumvi, leo umeonja chakula yako?"

"Mama, si mchezo. Mhindi wetu wa pampu amefunga."

"Amefungwa?"

"Ndiyo, amefunga. Anakaribia kufa."

"Kwa makosa gani?"

"Maji tu, mama. Alitaka watu wote wateke maji kwa bomba."

Mama Akisa akashika kiuno. Akageukia madereva. "Mmesikia? Mhindi amefungwa kwa sababu ya kutupatia maji!" Mganda mmoja mwenye ndizi akaniuliza kwa heshima ya kwao, "Sebo, wamempiga?" Nami nikajibu kwamba hajapigwa lakini amebaki mifupa. Naapa hivyo ndivyo nilisema. Nikalipa nyanya zangu nikaenda, nikijisikia vizuri kwa sababu watu wamenihurumia. Hiyo "wa" ndogo, ile ya "amefungwa", mimi sikuisikia ikiingia. Masikio yangu na shule yangu zilifika mahali pamoja.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa napuliza moto nikasikia sauti kwa reli. Nikatoka. Gengi ya kambi nyingine ya reli, ile ya mbele yetu, wameacha kazi, wanakuja wakitembea juu ya mataruma, majembe wameacha. Nyuma yao wamama wa soko na vikapu kichwani, madereva, watu wa Amukura, watu wa Angurai sijui waliambiwa na nani. Mbele yao Mama Akisa. Hawakurusha kitu, hawakushika kitu. Walifika mbele ya ofisi wakaketi chini, wengine juu ya reli kabisa, na ile troli ya Bwana, kigari chake cha kupita juu ya reli, ikawa haina njia. Halafu wakaanza kusema pamoja: "Afunguliwe! Afunguliwe!"

Bwana Sasahivi akatoka na soksi bila viatu. Karani Mkuu nyuma yake. Mimi nikajificha nyuma ya Mzee Barasa, mtu mpana, nafasi ilikuwa ya kutosha.

Mama Akisa akasimama. "Bwana, hatukuja kupigana. Tunataka Mhindi afunguliwe."

Mjue, mtu akiwa amefunga kula, siku ya kumaliza tunasema anafungua. Na Bwana alikuwa anajua hilo neno, alikuwa amelisema kila siku. Uso wake ukawa na furaha.

"Mimi pia nataka yeye fungua!" akasema. "Kila siku mimi naambia yeye, fungua, fungua, yeye nakataa!"

Watu wakamgeukia Mama Akisa.

"Wewe umemfunga," Mama Akisa akasema, "halafu unamwambia yeye ndiye afungue?"

"Mimi hapana funga yeye! Yeye nafunga yeye mwenyewe!"

"Mtu anajifunga aje?"

"Ufunguo iko wapi?" dereva mmoja akaita.

"Hakuna ufunguo!" Bwana akapiga tumbo lake na mkono. "Iko hapa! Tumbo! Yeye tumbo!"

Sauti ikatoka huko nyuma: "Mhindi amemeza ufunguo!"

Hapo ilikuwa fujo. Wamama wanashika vichwa, wengine wanasema aletewe maziwa ya moto atapike. Mzee Barasa akageuka polepole akaniangalia. Alikuwa ameelewa. Akanishika shingo akanitoa mbele ya watu.

"Chumvi. Uliwaambia nini hawa?"

"Nilisema amefunga."

"Ulisema amefungwa!" Mama Akisa akaruka.

"Amefunga, mama. Kufunga kula. Kama wakati wa kuomba."

"Na ile 'wa' ilitoka wapi?"

"Ilitoka kwako, mama, mimi niliipokea tu."

"Umenitoa soko, mboga zangu zinanyauka, watu wametembea tangu Angurai, juu ya 'wa'?"

Nilisikia watu wameanza kuinuka kutoka kwa reli, wengine wanacheka, wengine wananitafutia jiwe la ukubwa wangu. Nikajua wakienda, mambo yameisha. Bwana atashukuru Mungu, kufuli itabaki, Ramji atakufa, na mimi jela.

Ni Ramji aliyesimama. Bhikhu alikuwa amemshika mkono, na hao wawili wakaja polepole kutoka kwa pampu, na Wahindi wengine wakasogea nyuma, hawamwangalii Ramji, wanaangalia ule mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu walinyamaza ili waisikie.

"Huyu mpishi hapana kosa," akasema. "Kitu imefungwa iko. Ile pale."

Akaonyesha bomba.

Mama Akisa akaenda mpaka hapo. Akainua ule mnyororo, akaupima kwa mkono kama anapima mihogo. Akageuka.

"Kwani maji yalifanya makosa gani?"

Akauachia ule mnyororo ukalia, akamtazama Bwana.

"Bwana, fungua bomba. Huyu naye atafungua tumbo lake. Sisi turudi soko." Halafu akaketi chini palepale kwa matope ya bomba, na wale waliokuwa wameinuka wakaketi tena.

Bwana aliangalia troli yake. Akaangalia watu. Nafikiri aliangalia pia mbele kidogo, kwa sababu Uhuru ilikuwa karibu na kila Mzungu alikuwa anapima nyumba yake itauzwa kwa nani. Akaingia ofisini akatoka na ufunguo, akarusha kwa Mzee Barasa. "Fungua! Sasa hivi!" Mzee Barasa akafungua ile kufuli kubwa. Watu wakapiga vigelegele. Halafu wakaona mnyororo haujaanguka.

"Na hii ndogo ni ya nani?" Mama Akisa akauliza.

Tulieleza wale watu, ni ya Wahindi, ya kumzuia yule Mhindi mwingine.

"Mhindi anamnyima Mhindi maji?" dereva mmoja akauliza. Wakacheka mpaka wengine wakalala. "Yaani hawa hata sisi wametushinda!"

Ramji hakucheka. Akaketi chini mbele ya Karani Mkuu, kwa vumbi. Akasema hatafungua mpaka hiyo ndogo ifunguliwe, na alisema kwa Kiswahili, nafikiri alitaka wote tusikie.

Karani Mkuu alikuwa anatoka jasho, na mafuta ya nywele yanashuka. Nilikuwa nimezoea kumchukia kidogo, lakini hiyo siku nilimwona kama mtu amesimama juu ya paa na ngazi imetolewa. Ufunguo ulikuwa kwa kamba shingoni, ndani ya shati. Akautoa.

"Nyumbani wataniuliza," akamwambia Ramji. "Baba yangu, ndugu zangu. Nitawaambia nini?"

"Waambie Ramji alikuwa na njaa."

Karani Mkuu alisimama hapo. Sijui ni muda gani, maharagwe yangu yaliungua, hiyo ndiyo saa nilikuwa nayo. Halafu akainama, akafungua kufuli ndogo, mnyororo ukaanguka kwa matope. Mzee Barasa akanyoosha mkono kufungulia maji, Ramji akasema, "Hapana wewe. Yeye."

Bhikhu akaangalia nyuma kama ni mtu mwingine anaitwa. Akaja. Akazungusha bomba, maji yakatoka, yakapiga miguu yake. Na hapo ndipo tukaona hatuna kikombe.

"Chumvi! Kikombe! Mbio!" Mzee Barasa akaita.

Nikakimbia. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Nilifika jikoni, nikanyakua cha kwanza mkono ulikutana nacho, na kwa sababu mkono wangu haujawahi kufikiria, ulikutana na kile cha kwa msumari. Nilikuwa nimesharudi, nimeshampa Bhikhu, ndiyo nikasikia Mzee Barasa ananiambia kwa meno, "Wewe, hicho ni kile cha..." Hakumaliza. Bhikhu naye alikuwa amekijua. Alikigeuza kidogo, akaniangalia, akakijaza. Akampa Ramji na mikono miwili.

Ramji alikunywa yote. Maji yalipita kwa masharubu yakaingia shingoni. Akarudisha kikombe, akasema, "Leo hakuna chumvi. Mzuri sana." Bhikhu akajaza tena, akanywa yeye. Mama Akisa akakinyakua, "Leta na mimi, nimetembea tangu Malaba," akanywa. Halafu madereva, halafu gengi, halafu sikukiona tena, kikazunguka watu wote kama habari. Karani Mkuu hakunywa. Lakini aliokota kufuli yake ndogo kwa matope, akaitia mfukoni, na sikuiona tena kwa mnyororo.

Baadaye wakati tunaosha vyombo, Mzee Barasa alitaka kurudisha kikombe kwa msumari. Tulikuwa tumetoa vikombe vingine baadaye ili watu wote wanywe, na vyote vilikuwa vimerudi vimerundikana pamoja kwa beseni, vya bati, vyote tulinunua duka moja.

"Ni gani?" akauliza.

"Sijui mzee."

Akashika kimoja, akashika kingine, akanusa kimoja mpaka nikacheka. Akaangalia ule msumari. Halafu akavua kofia yake akaitundika hapo, na mpaka kambi ilipovunjwa hiyo ilikuwa ni mahali pa kofia ya Mzee Barasa.

Ramji alirudi kula polepole, uji kwanza, mesi ya Wahindi haikumpikia, nilimpikia mimi. Alipona hata hivyo. Uhuru ilikuja, Bwana Sasahivi akaenda bila kutuambia saa, reli ikaisha, Ramji na Bhikhu wakapelekwa upande wa Nakuru na sikuwaona tena. Mimi nikaja Malaba kupikia madereva, na hizo hadithi zingine mnazijua, kwa sababu nyingi mlizianzisha nyinyi.

Sasa, juzi nikitoka baada ya kurudisha aproni, niliona nje ya jiko yenu, hapo karibu na dirisha la nyuma, kuna msumari. Kwa msumari kuna kikombe cha plastiki, buluu. Nikauliza, nikaambiwa ni cha wale maturnboi wa trela, hawa wanakaa kwa foleni hapa mpakani siku nyingi, hawaogi. Sikusema kitu. Nilikuwa na haraka, na hamjaniomba maoni, mliniomba kumbukumbu.

Nitakuja kuwasalimia siku ya soko, soko ikiisha. Chai yangu mniwekee kwa hicho cha buluu. Chumvi msihangaike, nitakuja nayo mwenyewe.